Mumosho: Kuweka valvu mpya ya moyo si mwisho wa safari

Katika vijiji vya Mumosho, eneo la Kabare, kusini mwa mji wa Bukavu, habari ya mtoto mwenye ugonjwa wa moyo inafuata karibu kila mara njia moja. Mtoto anaanza kuchoka akienda shuleni. Hapandi tena mlima bila kusimama. Usiku analala akiwa ameegemea ukuta ili apate pumzi, na asubuhi miguu imevimba. Familia inapita kwanza chumba cha maombi, halafu santre ya afya, halafu hospitali ya Bukavu. Huko ekografia ya moyo inaonyesha kwamba valvu moja imeharibika, na daktari anataja upasuaji. Siku hiyo hiyo michango inaanza: kanisani, katika kikundi cha akiba, kwa ndugu walio Kinshasa, Kigali ao Ulaya.

Swali ambalo kila mtu anauliza ni moja: itakuwa dola ngapi? Swali hilo ni la haki, kwa sababu upasuaji wa moyo unaomba maelfu ya dola na mkulima wa Mumosho hana hizo. Lakini halipaswi kuwa swali la kwanza. La kwanza ni hili: mtoto akirudi nyumbani, nani atapima damu yake, wapi, na dawa ya kila siku itatoka wapi? Familia ambayo haijapata jibu la swali hilo haijawa tayari kuchagua upasuaji, hata kama mfuko wa michango umejaa. Na kwa familia zilizokimbia vita, zisizojua mwezi ujao zitalala wapi, swali hilo linaweza kuamua maisha ya mgonjwa kuliko jina la hospitali itakayompasua.

Ni vizuri kuelewa kwanza kinachoharibika. Moyo una valvu nne, yaani milango midogo inayofunguka ili damu ipite na kufunga ili damu isirudi nyuma. Wakaaji wanaoishi karibu na mtambo wa umeme wa Ruzizi II wanajua malango ya maji yanafanya kazi gani. Lango likikwama nusu, maji hayapiti ya kutosha. Lango likikosa kufunga vizuri, maji yanapotea. Valvu ya moyo nayo inaharibika kwa namna hizo mbili: inakuwa nyembamba, ao inavuja. Kwa wagonjwa wengi ni zote mbili kwa pamoja. Inayoshambuliwa zaidi ni ile iliyo upande wa kushoto wa moyo, inayoitwa mitrali, na baada yake ile ya aota.

Kwa vijana wa eneo hili, chanzo kikubwa si uchawi wala si kurithi. Ni maumivu ya koo ambayo hayakutibiwa. Kuna kijidudu, streptokoki, kinachoshambulia koo la watoto hasa kati ya miaka 5 na 15. Wiki mbili ao tatu baadaye, kwa baadhi ya watoto, homa inarudi na viungo vinauma kwa kuhamahama: leo goti, kesho kifundo cha mguu. Hiyo ndiyo homa ya rumatizimu. Maumivu ya viungo yanapona yenyewe na familia inasahau. Moyo hausahau. Kila mara homa hiyo ikirudi, valvu inapata kovu jingine, mpaka siku kijana wa miaka 20 anashindwa kubeba ndoo ya maji.

Ugonjwa huu si wa watu wachache. Uchunguzi uliofanywa kwa wanafunzi wa Kinshasa na kuchapishwa mwaka 1998 ulikuta karibu watoto 14 kwa kila 1,000 wana alama za ugonjwa huu wa valvu, na hali ilikuwa mbaya zaidi katika mitaa ya watu waliobanana. Utafiti mwingine, unaoitwa REMEDY, uliandikisha wagonjwa 3,343 kati ya mwaka 2010 na 2012 katika nchi 12 za Afrika, pamoja na India na Yemen. Rwanda, Uganda na Kenya zilikuwemo. Nusu ya wagonjwa hao walikuwa na miaka 28 ao chini yake, na wawili kati ya watatu walikuwa wanawake. Katika miaka miwili, karibu 17 kwa kila 100 walikuwa wamekufa. Hao ni mama wenye watoto wadogo na vijana wanaoanza kazi.

Sasa, valvu ikiharibika kiasi cha dawa kushindwa, kuna njia gani? Kuna nne ambazo familia ya hapa inaweza kusikia zikitajwa, na hazifanani hata kidogo kwa maisha ya baadaye.

Ya kwanza ni puto. Kama mitrali imekuwa nyembamba kwa sababu vipande vyake vimeshikana, daktari anaweza kupitisha mrija mwembamba katika mshipa wa paja hadi ndani ya moyo, halafu kuvimbisha puto dogo linaloachanisha vipande hivyo. Kifua hakipasuliwi, na mgonjwa anarudi nyumbani baada ya siku chache. Njia hii ilianzishwa na daktari Mjapani, Kanji Inoue, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Inafaa tu kama vipande vya valvu bado ni laini, kama haivuji sana na kama hakuna damu iliyoganda ndani ya moyo. Baada ya miaka valvu inaweza kushikana tena. Lakini kwa mama kijana, miaka hiyo bila kifua kupasuliwa ni zawadi kubwa.

Ya pili ni kurekebisha valvu yenyewe. Hapa kifua kinafunguliwa, moyo unasimamishwa, na mashini inafanya kazi ya moyo na mapafu wakati daktari anashona. Anaachanisha palipokauka, anafunga panapovuja, na mara nyingi anaweka pete ya kuimarisha mdomo wa valvu. Mgonjwa anabaki na valvu yake mwenyewe. Kama mapigo ya moyo wake ni ya kawaida, kwa kawaida hahitaji kumeza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote. Ubaya wake ni kwamba kurekebisha valvu iliyojaa makovu ya rumatizimu ni kazi ngumu, inaomba daktari aliyeizoea, na kwa watoto mara nyingine inabidi kurudi kupasuliwa tena.

Ya tatu ni kuondoa valvu na kuweka nyingine iliyotengenezwa kwa nyama ya ng'ombe ao ya nguruwe, iliyosafishwa kwa dawa ili mwili usiikatae. Mwenye imani inayomkataza nguruwe aseme mapema, kwa kuwa zile za ng'ombe zipo. Baada ya miezi michache ya kwanza, wengi hawahitaji tena dawa ya kuzuia damu kuganda kama mapigo ya moyo ni sawa. Lakini valvu hii inachakaa. Kwa mzee inaweza kudumu miaka 10 hadi 15, pengine zaidi. Kwa kijana inachakaa haraka zaidi, na upasuaji wa pili utakuja akiwa bado na nguvu za kulea watoto.

Ya nne ni valvu ya chuma na kaboni. Ya kwanza iliyofanikiwa kwa muda mrefu iliwekwa Marekani mwaka 1960, na zile za leo ni bora zaidi. Haichakai kwa urahisi. Inaweza kumaliza miaka mingi kuliko mwenye kuibeba. Ndiyo maana wazazi wengi wakisikia habari zake wanasema: tuchukue hiyo, tumalize mara moja.

Hapo ndipo penye hatari. Damu inapogusa chuma inataka kuganda. Ikiganda juu ya valvu, valvu inakwama na mgonjwa anaweza kufa kwa masaa machache. Kipande kikichomoka na kwenda kwenye ubongo, mgonjwa anapooza upande mmoja. Kwa hiyo kila mwenye valvu ya chuma anameza kila siku, maisha yake yote, dawa inayopunguza kuganda kwa damu. Inayojulikana zaidi ni warfarini. Katika nchi zinazotumia Kifaransa mara nyingi ni Sintrom. Si dawa moja, hazina kipimo kimoja, na hazimezwi pamoja.

Dawa hiyo ikiwa kidogo, damu inaganda. Ikizidi, mgonjwa anavuja damu puani, tumboni, hata katika ubongo. Ili kujua iko wapi, kuna kipimo cha damu kinachoitwa INR. Kwa mwenye valvu ya mitrali ya chuma, namba inayotafutwa kwa kawaida ni kati ya 2.5 na 3.5. Mwanzoni kinapimwa kila wiki ao karibu na hapo, baadaye angalau kila mwezi. Sombe na lengalenga zinapunguza nguvu ya dawa. Hazikatazwi, lakini zinapaswa kuliwa kwa kiasi kisichobadilika sana wiki kwa wiki. Flagyl na Bactrim, ambazo kila farmasi inauza, zinazidisha nguvu yake. Kasiksi nyingi inavuruga hesabu yote. Na zile dawa mpya za kuzuia damu kuganda ambazo haziombi kipimo hazifai kwa valvu ya chuma: majaribio mawili makubwa, la dabigatran na la apixaban, yalisimamishwa kwa sababu wagonjwa walikuwa wanaganda damu ao kuvuja kuliko wale wa warfarini.

Kwa mwanamke kuna mzigo zaidi. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya mimba. Ikiondolewa bila kuwekwa nyingine, valvu ya mama inaganda. Kubadilisha kwa sindano za heparini kunawezekana, lakini kunaomba hospitali yenye uzoefu na ufuatiliaji wa karibu sana. Msichana wa miaka 17 anayepelekwa kupasuliwa anapaswa kuulizwa yeye mwenyewe kama anataka kuzaa, na aulizwe kabla ya kulala mezani. Katika familia nyingi swali hilo linajibiwa na baba, mjomba ao mchungaji. Si haki yao.

Mtu anaweza kupinga na kusema: kuna faida gani kuchagua valvu ya mnyama ao kurekebisha, kama baada ya miaka 8 familia itatafuta tena maelfu ya dola? Familia haikuweza hata mara ya kwanza. Pingamizi hilo lina uzito, na hakuna mtu mwaminifu atakayesema jibu ni rahisi. Lakini hesabu yake inasahau jambo moja. Inahesabu bei ya upasuaji wa pili, haihesabu bei ya INR ya kila mwezi kwa miaka 30, wala nauli, wala siku ambazo barabara imefungwa. Valvu ya chuma haimalizi deni mara moja. Inaligawa katika vipande vya kila mwezi, na mwezi mmoja tu usiolipwa unaweza kuua.

Na barabara inafungwa. Vita vilipofika Kavumu na Bukavu katikati ya mwezi wa pili mwaka 2025, safari za ndege za abiria zilisimama na benki zilifunga milango. Familia zilihama na watoto mgongoni, nyingi bila hata fishi ya hospitali. Kwa mtu mwenye malaria, kukosa dawa siku tatu ni taabu. Kwa mtu mwenye valvu ya chuma, siku hizo chache zinatosha kuanzisha bonge la damu.

Mfano mkubwa uko Sudan. Tangu mwaka 2007, shirika la Italia linaloitwa Emergency liliendesha huko Soba, karibu na Khartoum, kituo cha upasuaji wa moyo cha Salam, ambapo mgonjwa halipi kitu. Watu walitoka nchi nyingi za Afrika. Watoto 8 wa Rwanda waliosafiri kwenda huko kupata valvu wanaonekana katika filamu fupi ya Open Heart, iliyogombea tuzo ya Oscar mwaka 2013. Halafu tarehe 15 mwezi wa nne mwaka 2023 vita vilianza Khartoum penyewe. Watu waliowekewa valvu katika kituo hicho walitawanyika pamoja na wakimbizi wengine, mbali na mahali palipokuwa panapima damu yao. Upasuaji wao ulikuwa umefaulu. Kilichowatishia ni kukosa kipimo na kidonge.

Kwa hiyo msimamo unaofaa kwa eneo la vita ni huu. Panapowezekana puto, lichaguliwe puto. Panapowezekana kurekebisha, itafutwe hospitali yenye daktari anayejua kurekebisha, hata kama foleni yake ni ndefu. Panapobaki kubadilisha tu, valvu ya chuma isichaguliwe mpaka ionekane kwa macho mashini ya INR ambayo mgonjwa atafikia kwa miguu ao kwa moto, na farmasi yenye dawa ya miezi kadhaa. Uamuzi wa mwisho ni wa daktari na mgonjwa, kwa kuwa kuna valvu zisizorekebishika na kuna miili isiyoweza kungoja. Lakini daktari wa mbali hajui Mumosho. Hajui kama mgonjwa anaishi kwake ao amepewa chumba na wenye huruma. Familia ndiyo inayopaswa kumwambia, bila aibu: huyu ni mtoto wa familia iliyokimbia, hatujui tutakuwa wapi mwaka ujao.

Pa kupasuliwa papo katika eneo la Afrika Mashariki. Kigali kuna hospitali ya King Faisal, ambapo timu ya Team Heart kutoka Marekani ilianza kuja mwaka 2008 na ambapo leo madaktari wa Rwanda wenyewe wanapasua moyo. Kampala kuna Uganda Heart Institute, katika Mulago. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyofunguliwa mwaka 2015. Kenya kuna hospitali ya Tenwek, Bomet, inayojulikana kwa wagonjwa wa rumatizimu. Lakini hakuna hata moja ya hizo itakayomfuata mgonjwa hadi kwenye mashamba ya Mumosho.

Ng'ambo ya mto, hata hivyo, kuna somo. Katika hospitali za vijijini za Rwanda kama Rwinkwavu, Kirehe na Butaro, wauguzi waliofundishwa, wakisaidiwa na shirika la Partners In Health, wamefuatilia kwa miaka watu waliowekewa valvu, wakiwapima INR na kurekebisha dawa karibu na nyumbani. Haikuwa kazi ya profesa wa mji mkuu. Kutaja mfano huo si kusifu siasa ya mtu, na mkaaji wa Mumosho ana sababu zake za kuwa na uchungu akitazama mpaka wa Ruzizi. Lakini jambo ambalo muuguzi wa kijiji ameweza kufanya upande mmoja wa mto, muuguzi wa Kabare anaweza kulifanya upande wa pili, akipewa mafunzo, mashini ndogo na vijiti vyake vya kupimia.

Hilo ndilo shirika la raia, makanisa na wakubwa wa zoni za afya wanapaswa kuomba kwa sauti moja. Mashirika ya msaada yanaleta mahema, unga, sabuni na dawa za kipindupindu, na ni vizuri. Lakini katika orodha ya mambo ya haraka ni mara chache kusikia mgonjwa wa valvu, kama vile zamani haikuwa kawaida kusikia mgonjwa wa kisukari. Kinachohitajika hakizidi uwezo: mahali pamoja Bukavu na pamoja nje ya mji panapojulikana na wote kwa kipimo cha INR, akiba ya warfarini na ya penisilini isiyokatika, na daftari la majina ya wagonjwa wa valvu, ili mtu asipoonekana mwezi mmoja, kuwe na mtu wa kumtafuta. Mituweli za afya nazo zinaweza kujadili kama kipimo hicho kinaingia katika huduma zake.

Makanisa na vikundi vya akiba vina kazi yao. Mchango wa upasuaji usimalizike siku ya safari. Sehemu moja ibaki, ifungwe kwa jina la mgonjwa, iwe ya vipimo na dawa za baadaye. Ni vigumu kuombea watu fedha kwa ajili ya kidonge; watu wanatoa kwa moyo zaidi wakisikia "kupasuliwa moyo". Wachungaji na mapadri wanaojua kusema na watu waeleze kwamba kidonge ni nusu ya pili ya upasuaji.

Kwa familia zilizohama, kuna mambo ambayo hayangoji serikali. Karatasi ya hospitali inayoonyesha aina ya valvu, tarehe ya upasuaji, jina la dawa na INR ya mwisho ipigwe picha kwa simu, na picha itumwe kwa ndugu wawili walio mahali tofauti. Wakati wa kuandikishwa katika kijiji kinachowapokea, mwenye valvu atajwe kwa wazi, bila kuficha. Mtu asiongeze ao kupunguza dawa kwa kubahatisha. Dawa ikikaribia kwisha, atafute siku 10 kabla, si siku ya mwisho. Ibuprofeni na aspirini za barabarani ziachwe mpaka daktari aseme. Kabla ya kung'oa jino, muuguzi aambiwe kuna valvu, kwa kuwa kidudu cha mdomoni kinaweza kushambulia valvu mpya. Na yeyote ambaye ghafla anakosa pumzi, anapinda mdomo, anashindwa kusema, anavuja damu isiyokoma, ao hasikii tena mlio aliouzoea wa valvu yake ya chuma, apelekwe hospitali usiku huo huo.

Sindano ya penisilini ya kila wiki tatu ao nne inaendelea hata baada ya upasuaji, mara nyingi hadi miaka 40 ao zaidi, kama daktari alivyoandika. Wengi wanaiacha wakifikiri valvu mpya imemaliza ugonjwa. Valvu nyingine zilizobaki bado ziko katika hatari. Kwa mgonjwa ambaye moyo umedhoofika sana, daktari anaweza kuchagua vidonge badala ya sindano, asijichagulie mwenyewe.

Linabaki jambo la watoto ambao bado hawajafika kwenye meza ya upasuaji. Katika nyumba za Mumosho ambako familia tatu zinagawana vyumba viwili, kijidudu cha koo kinapita kutoka mtoto hadi mtoto bila shida. Mtoto mwenye homa na koo linalouma, bila mafua, apelekwe santre ya afya. Penisilini ikianza kabla ya siku 9 kupita inaweza kuzuia homa ya rumatizimu. Kukata kimeo hakuzuii kitu, kunaongeza kidonda na damu. Na mtoto ambaye viungo vyake viliuma kwa kuhamahama asikilizwe moyo, hata kama amepona na anacheza mpira.

Kuwatafuta mapema kuna maana. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, eneo ambalo nalo liliishi miaka mingi ya vita na kambi, watafiti walipima kwa ekografia wanafunzi wasio na dalili, wakapata watoto 818 wenye alama za mwanzo za ugonjwa huu na kuwafuatilia miaka miwili. Kati ya waliochomwa penisilini kila wiki nne, ugonjwa uliendelea kwa 3 tu. Kati ya wasiochomwa, uliendelea kwa 33. Matokeo yalitolewa mwaka 2021. Hakuna hospitali ya moyo duniani inayoweza kutoa faida kama hiyo kwa bei ya sindano.

Mgonjwa ambaye valvu yake imeshaharibika ana haki ya kupasuliwa, na Mumosho haikosei ikimchangia. Inakosea ikimpeleka kuchukua valvu ambayo nyumbani hakuna wa kuitunza. Mashini ya INR na akiba ya dawa ziombwe leo, kabla ya mgonjwa kupanda basi, kwa sababu akisharudi na chuma kifuani hana tena muda wa kungoja mkutano.